Sauti ya Pili Peke Yake

Simu yangu ilikuwa na nafasi ya GB nane, na zaidi ya nusu ya hizo nane ilikuwa imeshaliwa na simu yenyewe kabla sijapiga hata picha moja. Sijui kwa nini waliziita nane. Ni sawa na mtu akuuzie gunia la mpunga huku yeye mwenyewe amekaa ndani yake. Kilichobaki nilitakiwa nigawane na jumuiya ya kanisani, na kikundi cha wazazi wa shule ya binti yangu, na wifi yangu ambaye hutuma video za mahubiri kila asubuhi utadhani mimi ndiye mpagani wa ukoo.

Na kwaya. Hasa kwaya.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza sauti wa kwaya yetu ya kigango, kanisa letu dogo chini ya parokia. Mwalimu wetu, mzee aliyetoka upande wa Mahenge, hakuandika nota. Nyimbo zilikuwa kichwani mwake. Wimbo mpya ukikamilika aliniita kando, nikashika simu karibu na mdomo wake, naye akaimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kila moja peke yake. Ya kwanza, ile ya wanawake wa juu ambayo ndiyo inabeba wimbo, aliiimba kwa kubana koo hadi mishipa ikamsimama, na mimi nikauma kanga nisicheke kicheko kikaingia kwenye rekodi. Ya pili ilikuwa yetu sisi wanawake wa chini. Ya tatu na ya nne zilikuwa za wanaume. Kisha mimi nilimtumia kila mtu sauti yake, wakajifunza, na wakishajua wakaifuta.

"Nafasi, dada. Simu imejaa," waliniambia. "Kwani wewe si unazo?"

Nilikuwa nazo. Wimbo wa Noeli wa mwaka juzi ninao, wimbo wa harusi ya mtoto wa katibu ninao. Kila aliyesahau sauti yake aliniandikia kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nami, nikiri tu, nilikuwa naona raha. Nilinung'unika kwa mdomo, lakini moyoni nilijiona mtu mkubwa.

Watu hudhani sauti ya pili ni rahisi kwa sababu haipandi wala haishuki sana. Inazunguka kwenye noti tatu nne, kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Ugumu wake ni kwamba wa kwanza wamesimama pembeni yako wanaimba kitu kitamu, na masikio yanataka kukifuata. Ukikifuata umeharibu. Kwa hiyo mwalimu alitufundisha kutokusikiliza. "Zibeni masikio ya ndani," alisema. "Nyinyi shikeni hapo hapo." Nyimbo zake nyingi zilianza na sisi wa pili tukishika mstari mmoja peke yetu, kisha yeye akainua mkono wa kushoto, na wa kwanza wakaingia juu yetu.

Wimbo wake wa mwisho aliurekodi akiwa mgonjwa. Nilimkuta kwake Viwanja Sitini, amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki uani, shati limempwaya. Ulikuwa wimbo wa shukrani ya mavuno, kwa Kipogoro. Akavuta pumzi, nikabonyeza, na simu ikanijibu kwamba nafasi haitoshi.

Mzee yule pumzi zake zilikuwa za kuhesabu, na mimi namwambia, "Subiri kidogo, mwalimu." Nikafungua picha. Nilikuwa nimeshafuta kila kisichokuwa na maana. Kilichobaki kikubwa ni video moja, ya binti yangu siku ya komunyo yake ya kwanza, anatembea na mshumaa huku anaangalia miguu yake asijikwae kwenye gauni refu. Baba yake, ambaye kazi yake ni kwenye mashamba ya miwa upande wa juu wa bonde, alikosa ruhusa siku ile, na video hiyo ndiyo aliyoiona. Niliifuta pale pale mbele ya mwalimu. Hakujua nimefuta nini. Akaimba sauti nne, akipumzika kila baada ya moja, na baada ya ya nne akasema, "Huu msiuimbe kwa pupa."

Wiki iliyofuata nilikwenda Kibaoni kwa fundi simu nimefura. Nilimwambia sitaki tena kuchagua kati ya mtoto wangu na kwaya. Fundi akacheka, akanitolea kadi kubwa ya kumbukumbu, akaichomeka. Simu ikauliza: kadi hii iwe ya kuhamishika au iwe hifadhi ya ndani?

"Ya kuhamishika unaitoa na kuichomeka popote," fundi akanieleza. "Lakini simu yako hii haitaweka vitu vyote huko. Tuifanye ya ndani, simu iione kama mwili wake. Ila ukishafanya hivi, dada, usiitoe."

"Siitoi," nilisema, jinsi mtu anavyoitikia maelekezo ya dawa huku ameshashika mlango.

Nilitoka pale nimepona. Kila kitu kilihamia kwenye kadi, zikabaki nafasi ambazo sikujua nizijaze na nini. Nilipiga picha hata za mchicha. Mwalimu akapelekwa na mkewe kwao Mahenge akauguzwe pamoja na ndugu, na huko akafariki. Tukapanga kwamba mwaka ukitimia tutakuwa na Misa ya kumbukumbu hapa Ifakara, mjane wake atashuka, na kwaya itaimba ule wimbo wa mwisho ambao hakuna aliyewahi kuusikia ila mimi.

Hakuna aliyewahi kuusikia kwa sababu niliukalia. Waliniomba, nikawaambia wasubiri. Nilitaka niufundishe mwenyewe, wote kwa pamoja, niwe nimesimama pale alipokuwa akisimama yeye. Nilijiambia nawalinda wasiujue nusunusu. Ulikuwa ubinafsi tu.

Misa ilipangwa msimu wa ndege. Asiyelima mpunga hawezi kujua maana yake. Mpunga ukishatoa masuke na punje kuwa na maziwa, ndege wanakuja kwa makundi, na shamba lisilo na mtu kwa asubuhi moja linabaki mabua. Kazi ya kukaa na kuwafukuza tunaiita kuamia. Unafika kabla jua halijachomoza, unapanda dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, na unakaa hapo unapiga kelele, unapiga debe, unarusha mabonge ya udongo kwa kombeo mpaka ndege wakalale. Kesho tena. Hakuna Jumapili, hakuna kuumwa. Shamba letu lilikuwa Katindiuka, limepakana na la wifi yangu, dada wa mume wangu. Mume kwenye miwa, binti bwenini, na mimi juu ya miti minne kama mfungwa aliyejijengea gereza lake mwenyewe.

Msimu ule kadi za simu hazina mwenyewe. Redio ndogo za kuchomeka kadi zinalia kila dungu, kwa sababu kelele inasaidia na upweke unaua. Mtu anachomoa kadi kwenye simu yake, anaitia kwenye redio, akichoka nyimbo zake anabadilishana na jirani. Nimeona kadi imefungwa kwenye ncha ya kanga ikivuka mashamba matatu kwa siku moja na kurudi na nyimbo ambazo mwenyewe hakuzijua. Sijawahi kusikia kadi imepotea. Ndivyo tunavyoishi na vitu hivyo.

Zilibaki wiki tatu kabla ya Misa. Asubuhi moja nikaona nianze kuusikiliza wimbo vizuri, nijipange kuufundisha. Spika ya simu yangu ilikuwa inakoroma, na upepo wa shambani ukawa unaimeza. Basi nikafanya kile anachofanya kila mtu Katindiuka. Nikachomoa kadi, nikaitia kwenye redio.

Redio ikawaka taa, ikanyamaza. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaifuta kwenye kitenge, nikairudisha. Kimya. Wifi alikuwa amekuja dunguni kwangu kuomba kiberiti. Yeye alikuwa na simu mpya yenye spika inayosikika hadi ng'ambo.

"Lete tujaribu kwangu," akasema.

Nikampa. Wakati huo huo kundi likashuka upande wa mtaro. Niliruka chini, nikakimbia na kombeo na bati, napiga, napayuka, maji yananirukia magotini. Nikiwa huko mwisho wa shamba nikamsikia anaita.

"Wifi! Inasema kadi haisomeki, inataka niiandae upya! Niiandae?"

Niligeuka. Nilimwona amesimama juu ya dungu, simu ameiinua. Nilisikia kila neno. Kundi jingine lilikuwa linageuka angani kurudi.

"Iandae!" nikapiga kelele. "Bonyeza tu!"

Niliporudi, kadi ilikuwa inasomeka. Ilikuwa safi kabisa, haina kitu.

Niliirudisha kwenye simu yangu haraka haraka, kana kwamba ingemtambua mama yake. Simu ikaniambia niingize tena kadi yangu. Nikaitoa, nikaiingiza. Ingiza tena kadi yako. Wifi alikuwa ananiangalia, na mimi nikamfokea maneno ambayo sitayaandika hapa, na hakustahili hata moja. Aliniuliza, nikamjibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hiyo niliacha ndege wale wanavyotaka, nikaenda Kibaoni. Fundi alishika kadi kwa vidole viwili.

"Nilikwambia usiitoe."

"Uliniambia. Sasa?"

"Ukishaifanya ya ndani, inafungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kwenye simu yako peke yake. Kwenye simu nyingine inaonekana mbovu. Ungeirudisha tu kwako ilivyokuwa, ungekuta kila kitu." Akaigeuza kadi. "Lakini hii imeandaliwa upya, na kuandaa ni kufuta vyote. Hamna kitu, dada."

Nilimuomba ajaribu. Akajaribu kwenye kompyuta yake, nadhani kwa kunionea huruma. Kisha akanirudishia kadi, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Ningewaambia wanakwaya jioni ile ile, leo nisingekuwa na haya ya kuandika. Nilikwenda mazoezini na tope miguuni, mwenyekiti akaniuliza, "Mtunza sauti, lini tunaanza wimbo wa mwalimu?" nikasikia mdomo wangu unasema simu iko kwa fundi. Mazoezi yaliyofuata nikasema kioo kimeagizwa Morogoro. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa wiki tatu, nikaitembea yote. Mchana sikuweza kuondoka shambani kwa sababu ya ndege. Jioni sikuweza kukosa mazoezi kwa sababu wangejua. Simu ikawa mfukoni inanikumbusha kila asubuhi niingize tena kadi, utadhani nimekataa kwa ukaidi.

Dunguni nilijaribu kuujenga wimbo upya. Nilikuwa nimesikiliza sauti zote nne mara nyingi tangu zirekodiwe. Nilidhani nikitulia zitakuja. Ilikuja ya pili. Ilikuja yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila pumzi ya mwalimu. Nikitafuta ya kwanza inakuja ya pili. Nikijaribu kupanda, koo linarudi kwenye zile noti tatu nne. Ya nne nilipata mstari mmoja, na hata huo sina hakika kama si wa wimbo mwingine. Miaka kumi na tano nilikuwa nimefundishwa kuziba masikio ya ndani, na nilikuwa nimefaulu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na katikati ya kulia ilibidi nisimame nipige debe.

Mjane wa mwalimu alishuka na basi la Mahenge siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka, nikamwona anakuja kwenye tuta la shamba, wifi yangu anamtangulia. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi siwezi kutoka shambani, akasema basi atanifuata yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Ndege wanasemaje?"

Akapanda dungu bila kusaidiwa, akaketi, akaweka kifurushi chake pembeni. Wifi akatuacha, akaenda kwake. Mama akaniuliza habari za mume, za mtoto, za mpunga. Kisha akasema, "Nimekuja nisikie kidogo tu kabla ya kesho. Niwekee kwenye simu."

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya kadi, ya wifi, ya ndege, kwamba mimi ndiye niliyesema bonyeza. Nilimwambia habari ya fundi na kioo cha Morogoro. Nilimwambia pia kwamba niliukalia wimbo kwa sababu nilitaka kusimama mahali pa mume wake. Wakati nasema sikumwangalia usoni, nilikuwa naangalia mpunga.

Nilipomaliza akapiga kelele kali, nikashtuka nikidhani ananifokea mimi, kumbe ndege walikuwa wameshuka nyuma yangu. Akachukua debe akapiga, wakaondoka.

"Kwa hiyo hakuna," akasema.

"Hakuna, mama. Nisamehe."

"Wewe unajua nini humo?"

"Ya pili tu."

"Imba."

Nikaimba. Sikufika mwisho wa mstari wa kwanza kabla hajaungana nami. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini noti zake zilikuwa zile zile, maneno yale yale, hata mahali pa kupumua. Nilimshika mkono.

"Mama, unaujua! Kumbe unaujua!"

"Naijua hii," akasema. "Aliutungia nyumbani, pale Viwanja Sitini. Kila jioni ananiambia niishike hii, yeye aitafute ya kwanza juu yake. 'Shika hapo hapo, usinifuate.' Nikawa sisikilizi anachoimba, maana nikimsikiliza namfuata, nikimfuata ananifokea tunaanza upya." Akaangalia mikono yake. "Jinsi alivyokuwa akihangaika nayo, lazima ilikuwa nzuri. Nimeshuka ili safari hii niisikilize."

Tuliamia pamoja hadi saa sita, hatukuzungumza tena habari ya wimbo, na alipokuwa anaondoka aliniomba ile kadi. Nilimwambia tena kwamba haina kitu. Akasema amesikia, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake.

Jioni nikasimama mazoezini nikawaambia wanakwaya ukweli. Mmoja wa sauti ya kwanza, mwanamke ambaye mwalimu alimpenda kwa koo lake, aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukututumia mapema?" Nilijibu, naye akatikisa kichwa akaanza kukusanya vitabu. Mwenyekiti akachagua wimbo wa zamani ambao wote tulikuwa tunaujua.

Jumapili niliacha shamba kwa wifi, ambaye alikuja kunichukulia zamu bila kuombwa. Misa ilikwenda vizuri. Baadaye tulikula nyumbani kwa mdogo wa marehemu, kule Kibaoni, chini ya turubai, wali na kuku. Watu waliposhiba, mama akasimama akaniita kwa mkono. Nikaenda nikasimama kando yake, nikijua anachotaka na nikitamani ardhi inimeze.

Tukaanza. Wanakwaya walikuwa wamekaa pamoja upande mmoja, na waliposikia wakaweka sahani chini na kusimama, kwa mazoea tu. Tulishika mstari ule wa mwanzo, sisi wawili, noti zile tatu nne, tukaufikisha pale unapoishia. Hapo mama akainua mkono wa kushoto, kama mume wake.

Wanawake wa sauti ya kwanza wakavuta pumzi wote kwa pamoja, midomo wazi, wakatuangalia.